Faili na Daftari la Msiba

Kitabu kinachotengenezwa kwa mkono ili kibebe msiba ni kazi ya sanaa ambayo karatasi yake, uzi wake, gundi yake na mpangilio wa kurasa zake vina kauli nzito sawa na maneno yaliyoandikwa ndani, na hapo ndipo kinapotofautiana na kitabu cha kiwandani, ambacho maana yake haibadiliki hata kikichapwa kwa karatasi nyembamba au nene. Katika vyuo vya sanaa kazi ya namna hii huitwa kitabu cha msanii, na mara nyingi hutolewa nakala moja tu, au chache sana, ambazo msomaji huzishika na kuzifunua polepole. Mwanafunzi wa sanaa anayezungumziwa katika tafakari hii si mtu mmoja mwenye jina. Ni kijana yeyote wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, katikati ya Malawi, anayejifunza kuchora, kuchapa au kushona vitabu, awe chuoni, kwenye warsha ya kikundi cha vijana au kupitia simu yake, kisha akaamua kwamba kazi yake ya kwanza ya maana itahusu watu wake waliokufa. Uamuzi huo unaweza kuonekana wa kawaida, kwa kuwa wasanii wa kila zama wameomboleza kwa kazi zao, lakini kijana wa Dzaleka anaufikia akiwa mahali ambapo vifo vya nyumbani kwao vimekwisha kuandikwa mara nyingi, na watu wengine, kwa shabaha nyingine.

Dzaleka iko zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Katika utawala wa Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, palikuwa gereza, ambamo wafungwa wa kisiasa nao waliwekwa, na mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, pakafunguliwa kuwa kambi ya watu waliokuwa wakikimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu. Kambi iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, kanisani na misibani. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti juu ya baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kazi na uhuru wa kutembea, ndiyo maana sera yake imeendelea kumtaka mkimbizi aishi kambini, na ndiyo maana karatasi, yaani kitambulisho, ruhusa, barua na fomu, ina uzito katika maisha ya kila siku ambao mwenyeji wa mji hawezi kuufahamu kwa urahisi.

Ili mtu atambuliwe kuwa mkimbizi hana budi kuhojiwa. Utaratibu huo, unaoitwa utambuzi wa hadhi ya ukimbizi, humtaka aeleze kwa mfuatano kilichomfukuza kwao, nani alikufa, lini, wapi na mbele ya nani, kisha maelezo yake hulinganishwa na aliyoyasema awali na yale ya ndugu zake, na yakigongana anaweza kuonekana mwongo. Familia ikifikiriwa kuhamishiwa nchi ya tatu, maswali huanza upya, kwa mhojaji mwingine na mkalimani mwingine. Kuuliza si kosa, kwa sababu sheria inayotoa ulinzi inahitaji msingi wa kuutolea. Hata hivyo, ndani ya faili marehemu hugeuka kuwa ushahidi, na kifo cha baba hupimwa kwa uzito wake katika kesi ya walio hai. Mtoto anayekulia katika nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba msiba wa kwao una njia moja tu ya kusimuliwa, ile isiyobadilika, na kwamba kukumbuka jambo jipya miaka mitano baadaye, jambo dogo tu, kama vile shangazi alikuwepo siku ile au hakuwepo, ni hatari. Ilhali kumbukumbu ya mfiwa haikai hivyo. Hubadilika kadiri anavyokua, hurudi na sura ambazo zilikuwa zimefichika, hukosea na kujisahihisha, na katika kubadilika huko ndimo mfiwa anapozoeana na alichokipoteza.

Majina nayo hupata taabu katika faili. Katika desturi za Rwanda na Burundi, na kwa jamaa wengi wa Kivu, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lenye habari ya kuzaliwa kwake au ya wakati wa wazazi wake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja. Fomu, kwa upande wake, ina kisanduku cha jina la ukoo kinachodai kujazwa. Hapo ndugu watatu wa kweli huonekana kama wageni watatu, na mama hujikuta akithibitisha uzazi wake mbele ya meza. Mwanafunzi anayetaka kuandika majina ya watu wake kama walivyoitwa, kwa tahajia ya kwao, pamoja na majina ya utani ya uani ambayo hakuna ofisa aliyeyauliza, tayari anafanya kazi ambayo faili haikuweza kuifanya, hata kama kitabu chote kisingekuwa na kingine zaidi ya majina hayo.

Basi, kabla ya kutafuta vielelezo vya mbali, kijana huyo ana kielelezo ambacho amekwisha kukiona katika kila matanga, nacho ni daftari la michango. Ni daftari la shule la kawaida, lenye mistari, na hukaa na mtu mmoja anayeaminika kwa hati nzuri na mkono mwaminifu, aliyeketi chini ya turubai au karibu na mlango. Mtu huyo hupiga mstari wa wima, wakati mwingine kwa rula na wakati mwingine kwa ukingo wa kitu chochote kilichonyooka, kisha upande wa kushoto huandika jina na upande wa kulia alichokitoa mwenye jina: kwacha kadhaa, unga, maharage, sukari, mkaa, kitenge. Wenyeji wa Malawi nao hutoa rambirambi ya fedha na kuiweka kwenye maandishi, kwa hiyo jirani wa Kichewa aliyetoka kijiji cha pili kuja kuzika huweza kuandikwa katika ukurasa mmoja na Mbembe, Mfuliiru, Mrundi na Mnyarwanda, watu ambao kwingineko huenda wasingekaa mkeka mmoja. Yako madoa ya chai, iko kalamu iliyokwisha wino katikati ya jina ikafuatwa na nyingine ya rangi tofauti, liko jina lililoandikwa kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wameanza kuondoka kwenda makaburini. Daftari hilo halimuulizi mfiwa marehemu alikufaje wala halimtaki athibitishe lolote. Linahifadhi habari ya nani alikuja, na alikuja na nini, na kwa kuhifadhi hivyo linamfunga mfiwa katika deni jema, kwani siku ya msiba wa mwenzake atalifungua, atatafuta jina, na atajua namna ya kwenda.

Hoja ya tafakari hii ni kwamba kitabu cha msiba kinachotengenezwa Dzaleka kinapaswa kujiona kuwa mtoto wa daftari hilo, kwa sababu asiyelikumbuka daftari kwa kawaida hujikuta ameiga faili bila kujua. Kuiga faili ni rahisi sana. Ni kuanza na tarehe ya shambulio, kupanga kurasa kwa mfuatano wa safari kutoka Uvira au Bujumbura hadi mpaka wa Malawi, kuweka picha ya kusikitisha zaidi katikati, na kumwacha msomaji akiwa amesadiki. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri kwa macho, na kinaweza kupata wafadhili, lakini bado kiko mbele ya mhojaji. Ukurasa unaomwonyesha marehemu akibishana juu ya bei ya samaki, au orodha ya vitu alivyoazima asivirudishe, hauthibitishi chochote katika kesi yoyote, na kwa sababu hiyohiyo unampa marehemu nafasi ya kuwa mtu.

Karatasi ni uamuzi wa kwanza. Mfuko wa saruji una matabaka, na ingawa lile lililogusana na saruji halifai, lile la nje au la kati likipanguswa vizuri hutoa karatasi ya kahawia, ngumu, inayopokea mkaa na wino bila kusambaza. Karatasi inaweza pia kutengenezwa upya: madaftari yaliyokwisha huchanwa vipande vidogo, hulowekwa usiku kucha, hutwangwa kinuni hadi yawe kama uji, kisha uji huo hutandazwa juu ya kipande cha chandarua kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, maji yakachuruzika, na kinachobaki hugandamizwa na kuanikwa. Shirika la PAMET la Blantyre limeonyesha kwa miaka mingi kwamba hata gome la mgomba na kinyesi cha tembo huweza kuwa karatasi ya kuandikia, na elimu hiyo haihitaji mashine ya gharama. Mwanafunzi anaweza kuamua kutwanga nakala za fomu za familia yake, ili maneno yaliyowageuza wafu kuwa ushahidi yawe nyuzi za ukurasa mpya. Lakini iwe nakala, kamwe isiwe hati asili, kwa maana hati asili ikipotea nyumba nzima inaweza kukwama kwa miaka.

Karatasi nyingi zina mwelekeo, yaani nyuzi zake zimelala zaidi upande mmoja, na ikikunjwa kinyume cha mwelekeo huo hupasuka kwenye kunjo na kukataa kulala. Mtengenezaji huujua kwa kuikunja kidogo bila kuibana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na kusikiliza mkono unapata ukinzani upande gani. Karatasi nne au tano zikikunjwa katikati na kutumbukizwa moja ndani ya nyingine huwa fungu. Fungu hutobolewa kwenye kunjo kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, matundu matano yakiwa na nafasi sawa, na uzi uliopakwa nta ya mshumaa hupitishwa kutoka ndani kwenda nje na kurudi, kisha huingia fungu la pili, na la tatu, mpaka kitabu chote kishikwe na uzi mmoja. Uzi huvutwa kwa kufuata urefu wa mgongo wa kitabu, kwa sababu ukivutwa kwenda juu huchana karatasi. Gundi ya jalada hupikwa kwa unga wa ngano au wa muhogo, na kwa kuwa unga huwaita mende na wadudu wengine, wafungaji vitabu wa zamani walitia shabu kidogo. Kazi hii haifai masika, maana mvua za Dowa, kuanzia Novemba hadi Aprili, huingia hata katika kuta za matofali mabichi, na karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja hata ikiwekewa mawe. Anayeomboleza kwa kazi hii hana budi kungoja kiangazi, na kungoja huko ni sehemu ya maombolezo yake, kwa sababu mikono hairuhusiwi kwenda kasi kuliko gundi inavyokauka.

Vitabu vilivyokwisha kufanya kazi ya jamaa hii vipo, na vya waandishi wawili vinamhusu mwanafunzi huyu kwa karibu. Scholastique Mukasonga, mwandishi wa Rwanda aliyekimbilia Burundi mwaka 1973 na baadaye akahamia Ufaransa, alipoteza jamaa zake wengi katika mauaji ya 1994 akiwa mbali, na katika kitabu chake cha mwaka 2006 ameeleza jinsi alivyokuwa akiyaandika majina yao tena na tena katika daftari. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu kingine juu ya mama yake, Stefania, ambaye aliwataka binti zake waufunike mwili wake atakapokufa, jambo ambalo hawakuweza kulifanya, na kitabu kizima kikachukua nafasi ya ile sanda iliyokosekana. Mkanada Anne Carson naye, baada ya kaka yake kufariki Copenhagen mwaka 2000, alitengeneza kwa mkono daftari la barua, picha na vipande vya karatasi vilivyobandikwa, na lilipochapwa mwaka 2010 kwa jina la Nox halikufungwa mgongo. Ni karatasi moja ndefu iliyokunjwa mbele na nyuma, ikawekwa ndani ya kasha. Umbo la Carson linavutia, na wanafunzi wengi wa sanaa hulikimbilia, lakini msiba wake ni wa mtu mmoja ambaye maisha yake yalikuwa fumbo. Kijana wa Dzaleka mara nyingi ana wafu wengi, na kwake karatasi ndefu isiyo na mgongo huweza kuwa safari nyingine isiyo na mwisho, baada ya zile alizokwisha kuzipitia. Kushonwa kunafaa zaidi, kwa sababu fungu moja linaweza kuwa la mtu mmoja, na uzi ukawaunganisha waliotawanyika.

Katika Kiswahili chenyewe upo utangulizi wa kale zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufa, na katika beti za mwanzo anamtaka binti huyo asogee na vifaa vya kuandikia. Mara nyingi utendi huo husomwa kama mafunzo ya unyumba, na ubishi juu ya mafunzo hayo ni wa haki; hata hivyo ni vigumu kutouona pia kama kitabu cha msiba kilichoanzwa na marehemu mwenyewe, mkono wa mwana ukiwa umekwisha kuitwa kwenye kazi, kisha kikaishi kwa kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu, mkono baada ya mkono.

Swali gumu kuliko la umbo ni la kikomo. Mila za Maziwa Makuu huupa msiba muda maalumu: Wakongo huketi matanga kisha wakayaondoa, Warundi wana sherehe ya kuganduka inayowarudisha wafiwa kwenye kazi na furaha, Wanyarwanda wana siku ya kwera, yaani kutakasika. Wachewa, ambao ndio wenyeji wa eneo la Dzaleka, huleta Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, na miongoni mwa maumbo yake ni Kasiyamaliro, umbo kubwa la mnyama lililosukwa, linalosindikiza roho ya marehemu, na ambalo kwa desturi huteketezwa kazi yake ikiisha. Mwanafunzi anayeishi karibu na desturi hiyo anaweza kushawishika kukichoma kitabu chake siku ya mwisho, na wako wasanii ambao wangemsifu. Hoja dhidi yake ni nzito. Anayechoma Kasiyamaliro analo kaburi la kwenda kulipalilia, na anao wazee watakaolisuka tena kwenye msiba ujao. Familia iliyomwacha marehemu kando ya barabara ya Kivu haina kaburi, na mara nyingi haina hata picha. Kikomo kinaweza kutafutwa kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kulishona fungu la mwisho mbele ya ndugu na majirani siku iliyochaguliwa, chakula kikiwa kimepikwa na sala zimesomwa, ili kukaza fundo kuwe ndiko kuondoa matanga yaliyocheleweshwa.

Lilongwe inaingia katika kazi hii kwa njia mbili. Ndiko yaliko maduka ya wino, karatasi nzito na studio za kusafishia picha zilizobaki kwenye simu, na safari ya huko humlazimu mkimbizi kufikiria ruhusa na vizuizi. Tangu mwaka 2023, serikali ilipoamuru waliokuwa wakiishi nje warudi kambini, na mwezi Mei wengi wakakamatwa Lilongwe, maduka yao yakifungwa, hata kununua gamu kunaweza kuwa jambo la kupima mara mbili. Pili, ndiko liliko kaburi la marumaru la Kamuzu Banda, aliyefariki mwaka 1997, lililozinduliwa mwaka 2006 likiwa na nguzo nne za misingi ya chama chake: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Taifa lina haki ya kumzika kiongozi wake kwa heshima. Lakini gereza lililowashikilia baadhi ya waliokosa utii huo halikujengewa marumaru, na ni pale Dzaleka ambapo sasa wafu wa mataifa mengine nao wanatafuta pa kuandikwa. Mwanafunzi akipenda kuacha ukurasa mmoja kwa wafungwa wa zamani wa mahali anapoishi, watu ambao hakuwajua na ambao si wa lugha yake, atakuwa amewapa kile ambacho majirani wa Kichewa huwapa wageni wanapokuja na rambirambi zao.

Nani akisome? Tangu 2014, tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo Menes La Plume, huwaleta Dzaleka maelfu ya wageni, wengine wakilala katika nyumba za wakimbizi badala ya hoteli, na hapo kijana anaweza kuombwa akiweke kitabu mezani. Wageni wa tamasha hilo huja kwa heshima. Bado, mtu aliyezoea kusimulia kifo cha mama yake kwa kila anayekuja na kamera anastahili kujua kwamba kitabu cha mkono kinampa mamlaka ambayo picha ya ukutani haina: husomwa na mtu mmoja au wawili kwa wakati mmoja, waliokaa, walionawa mikono, waliokubaliwa na mwenyewe, na fungu lolote linaweza kufungwa kwa utepe na kubaki limefungwa.

Linabaki suala la kuhama. Daftari la michango hukaa na familia kwa sababu deni lake ni la familia, lakini familia za Dzaleka hugawanyika: mmoja hupata safari ya kwenda nchi ya tatu, wengine hubaki, na wengine hurudi walikotoka. Nakala moja haitoshi, hata kama vyuo vya sanaa huusifu upekee. Ni afadhali kishonwe mara mbili tangu mwanzo, kwa karatasi ile ile, na mikono miwili tofauti ya ndugu, bila kujali kwamba mishono haitafanana. Nakala moja iondoke na anayesafiri, nyingine ibaki na yule mwenye hati nzuri, pamoja na majina ya wote waliokuja kwenye matanga, na kila upande uendelee kuandika wafu wake katika kurasa tupu za mwisho, kisha upige picha ukurasa na kuutuma kwa simu ili upande wa pili uunakili kwa kalamu.